Vaa ukiwa Mombo: pikipiki na baridi ya Usambara kuanzia Juni

Masika yakishapita na upepo wa kusi ukaanza kushika kasi, mwendesha pikipiki wa Tanga mjini haoni tofauti kubwa. Asubuhi za Juni na Julai zina ubaridi wa kupendeza tu, na shati la mikono mirefu linatosha kutoka Chumbageni hadi Ngamiani na kurudi. Shida inaanza siku unapopata safari ya Lushoto, Mlalo au Amani. Unaondoka mjini na nguo za mjini, unafika mlimani vidole havikunjiki, na breki unayoihitaji kuliko wakati wowote inategemea vidole hivyohivyo.

Kama utachukua jambo moja tu hapa, chukua hili: nguo za baridi huvaliwa kabla baridi haijakupata. Jaketi halitengenezi joto, linazuia tu lililopo lisitoke. Mwendesha baiskeli anajipasha kwa kukanyaga, lakini wewe juu ya pikipiki umekaa kimya na misuli haifanyi kazi ya maana, kwa hiyo joto likishatoka halirudi mpaka ushuke unywe chai. Kwa safari ya Lushoto, mahali pa kusimama na kuvaa kila kitu ni Mombo, pale chini kabla ya kuanza kupanda mlima, hata kama jua linakuchoma na watu wa stendi wanakushangaa. Ukisema utavaa ukifika Soni, ukiwa tayari uko mlimani, umechelewa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mombo iko kwenye mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi, na katikati kuna kilomita 33 za kona. Hewa hupoa kwa kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Alfajiri ya Julai, nyuzi 10 hadi 12 pale Lushoto si ajabu, na ukiendelea kupanda kuelekea Magamba inazidi kushuka. Sasa ongeza upepo wa mwendo wako. Hewa ikiwa nyuzi 10 na wewe unakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba hewa ni nyuzi 5. Hiyo ni ngozi kavu. Ukiwa umelowa manyunyu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yanapokauka kwenye nguo yanaondoka na joto la mwili. Ndiyo maana nasema adui wa kwanza ni upepo, wa pili ni maji, na kipimajoto kinakuja nyuma yao.

Kama fedha haitoshi kununua vyote, anza na mikono. Wengi wanaanza na jaketi zito, na hapo sikubaliani nao. Kifua kikipoa unateseka, lakini vidole vikipoa unachelewa kushika breki. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kuchelewa nusu sekunde ni zaidi ya mita 8 za barabara, na katika kona za Soni mita 8 ndizo zinazokutenganisha na lori la mboga linaloteremka.

Glovu za kufuma zenye madoadoa ya mpira, zile za ujenzi, zinapitisha upepo moja kwa moja. Unachotaka ni glovu yenye ngozi au kitambaa kisichopitisha upepo upande wa nje, na kitambaa laini ndani. Isiwe ya kubana. Glovu ya kubana inazuia damu kufika kwenye ncha za vidole, nawe utapata baridi kuliko aliyevaa nyepesi yenye nafasi. Kabla ya kulipa, ivae ukiwa umekaa kwenye pikipiki: vuta mkono wa breki kwa vidole viwili, washa na kuzima indiketa kwa kidole gumba, bonyeza honi. Kama kimojawapo kinakushinda, hiyo ni glovu nene mno, iache dukani. Asiye na fedha ya glovu nzuri avae glovu za mpira za duka la dawa ndani, na zile za kufuma juu yake. Mikono itatoka jasho kidogo, ila upepo hautapita, na katika saa moja ya kupanda mlima hilo ndilo la muhimu.

Kuna vile vifuko vya rexini vinavyovikwa kwenye mishikio ya usukani, unaingiza mkono pamoja na glovu. Vinasaidia sana, pengine kuliko glovu yoyote, kwa sababu upepo haufiki kabisa kwenye vidole. Lakini vikague vizuri. Kifuko laini kikisukumwa na upepo kinaweza kuegemea mkono wa breki ya mbele, nawe usijue: breki inakwaruza, inapata moto, na taa ya breki inawaka muda wote hivyo aliye nyuma hajui unasimama lini. Jaribu kwa kusukuma kifuko kwa kiganja kutoka mbele wakati pikipiki imesimama na swichi imewashwa, huku mwenzako akiangalia taa ya nyuma. Ikiwaka, kifunge upya mbali zaidi na mkono wa breki au weka kipande cha plastiki kigumu ndani kishikilie umbo. Hakikisha pia unaweza kuutoa mkono mara moja bila kuvuta.

Baada ya mikono ni kioo cha helmeti. Pumzi yako ni ya moto na ina unyevu, na ukifika kwenye ukungu kioo kinakuwa cha baridi, basi unyevu unatulia ndani na huoni kitu. Wengi wanainua kioo chote, macho yanatoka machozi, manyunyu yanaingia. Fanya hivi nyumbani kabla ya safari: osha kioo kwa maji na sabuni, kikaushe, kisha weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo upande wa ndani, lisambaze kote kwa kidole, liache likauke, halafu lifute taratibu kwa kitambaa kikavu na laini mpaka kioo kionekane kisafi. Usioshe tena. Ule utando mwembamba wa sabuni unazuia maji kukusanyika kuwa matone madogo. Unadumu safari moja au mbili, kisha unarudia. Barabarani acha kioo wazi kwa tundu dogo, upana wa kidole, hewa ipite. Pua na mdomo ukivifunika kwa kitambaa, kipange pumzi itoke kwa chini, isipande kwenye kioo.

Kioo cheusi hakina kazi mlimani. Ukungu wa Usambara unaweza kukukuta saa 4 asubuhi barabara ikiwa bado na giza la mawingu. Na kioo kilichokwaruzika kwa kufutwa na mkono wenye vumbi kitatawanya mwanga wa taa za gari linalokuja mpaka uone weupe mtupu. Badilisha kioo tu kama helmeti yenyewe ni nzima. Kuhusu helmeti, angalia lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi inaonyesha imethibitishwa kwa kiwango cha usalama wa helmeti kiitwacho ECE 22. Helmeti iliyowahi kupiga chini kwa ajali haifai tena hata kama ganda halina ufa, kwa sababu povu la ndani hupokea kishindo mara moja tu.

Sasa jaketi. Madereva wengi wa bodaboda huvaa koti kubwa kinyume, zipu ikiwa mgongoni. Sababu yao ni ya kweli: upepo unapenya kwenye meno ya zipu, na koti likigeuzwa kifua kinapata kitambaa kizima. Ubaya wake ni kwamba shingoni linakaba, na ukitaka kulivua haraka unahitaji mtu wa kukusaidia. Mimi napendekeza uvae kawaida, halafu uweke kinga nyuma ya zipu. Karatasi 5 au 6 za gazeti, zikunjwe na kuwekwa kati ya shati na jaketi kuanzia shingoni hadi tumboni, zinafanya kazi ambayo huwezi kuiamini mpaka ujaribu. Zikilowa zitupe, na hapo ndipo utajua kwamba koti lako la mvua linavuja.

Mitumba ina majaketi mazuri sana ya ngozi na ya nailoni nzito, tena kwa bei ya chini ya jipya la dukani lisilo na maana. Yakague hivi. Nyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani. Mkono wa jaketi usipofika kifundoni ukiwa umenyoosha, upepo utaingia mpaka kwapani. Pinda kiwiko, uone kama ngozi inapasuka mistari. Geuza ndani unuse. Harufu ya ukungu wa kuvu haitoki kirahisi, na ngozi iliyooza kwa ndani huchanika kwenye mishono. Vuta mshono wa bega kwa mikono miwili. Mwisho zipu: ipandishe na kuishusha mara tano, kwa sababu zipu ndiyo inayokufa kwanza na kuibadilisha kwenye ngozi nene si kazi ya cherehani ya kila fundi.

Chini ya jaketi usivae pamba tupu. Fulana ya pamba ikipata jasho pale Korogwe kwenye joto, itabaki mbichi mpaka Lushoto na itakupoza. Jezi ya mpira wa miguu ni bora, inakauka haraka. Jezi ya Coastal Union au African Sports uliyonayo kabatini inatosha kabisa. Juu yake sweta, juu ya sweta jaketi. Tabaka tatu nyepesi zenye hewa katikati zinashinda koti moja zito, na ukishuka Mombo jioni unavua moja. Shingoni weka skafu ya mviringo isiyo na ncha. Ukitumia kikoi au kitambaa, ncha zote ziingie ndani ya jaketi. Kitambaa kinachopepea nyuma kikishikwa na cheni kinavuta shingo.

Hapohapo nimkumbuke abiria, maana yeye ndiye anayesahaulika. Mama aliyevaa baibui au aliyejifunga kanga, akakaa upande, anapigwa na upepo mwili mzima na nguo yake inaning'inia karibu na spoki. Kabla ya kuondoka shuka, angalia upande wa cheni na upande wa ekzosi, mwombe akusanye nguo aikalie, na kama anaweza akae kwa kupanua miguu akiwa na suruali ndani. Abiria akipata baridi anajikunyata na kukuegemea, na pikipiki inabadilika tabia kwenye kona. Awe na koti lake na helmeti yake.

Mvua nyepesi ya mlimani haihitaji koti la kutandaza kama hema. Lile linalopepea linashika upepo na kukuyumbisha. Nunua la vipande viwili, koti na suruali, lenye ukubwa wa kupita juu ya jaketi. Suruali ya mvua ipite nje ya mabuti. Ukiichomeka ndani, maji yote yanayoteremka mguuni yanajaa buti. Kwa glovu, kinyume na wanavyofanya wengi, mdomo wa glovu uingie ndani ya mkono wa koti, kwa sababu ukishika usukani kiganja kiko chini ya kiwiko na maji yanateremka kuelekea kwenye vidole. Mabuti ya mpira yanafaa ila hayana joto: soksi moja nene, si mbili za kubana. Mfuko wa plastiki kati ya soksi na kiatu ni msaada wa kweli kwa mwenye raba tu.

Tukija kwenye chombo chenyewe, kwa Boxer, TVS na wenzao wa injini ya cc 100 hadi 150, baridi ya Lushoto haidai mambo makubwa. Oili ya 20W-50 inatosha. Asikwambie mtu ubadilishe iwe nyepesi kwa safari ya siku mbili. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wa rangi ya maziwa, usishtuke. Injini hizi zinapozwa kwa hewa, hazina maji ya rejeta ya kuingia kwenye oili. Huo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji ndani kwa sababu ya safari fupi fupi za asubuhi ambazo hazipashi injini vizuri. Mwendo wa nusu saa bila kusimama unaukausha. Kama baada ya hapo oili yote bado ni nyeupe, maji yameingia kwa njia nyingine, pengine kwenye kuosha au kwenye dimbwi, na lazima imwagwe.

Kuwasha asubuhi ya baridi kuna utaratibu wake. Vuta choki, usizungushe mshikio wa mafuta, piga stata kwa sekunde 5 tu kisha pumzika 10, au piga kiki, maana kiki inaokoa betri. Ikishawaka ipe nusu dakika hadi dakika moja, rudisha choki kidogokidogo, na usiondoke choki ikiwa nje. Choki iliyosahaulika inamwaga petroli nyingi, plagi inakuwa nyeusi, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye ukuta wa silinda. Kumbuka pia kwamba juu kule hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani, hivyo kabureta iliyopangwa Tanga inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inavyohitaji. Ndiyo maana pikipiki inakosa nguvu kwenye mwinuko wa mwisho. Haijaharibika, na fundi asiifungue. Safisha chujio la hewa kabla ya safari, tumia gia ya chini, basi. Plagi ya akiba na spana yake ziwe chini ya siti.

Tairi nalo lina jambo la kuvutia. Baridi inapunguza upepo wa tairi: kutoka nyuzi 28 hadi 12 tairi lenye PSI 28 (kipimo cha upepo wa tairi) linapoteza kama 2. Lakini kupanda mita 1,400 kunaongeza kipimo kwa kama 2 pia, kwa sababu hewa ya nje inalisukuma tairi kwa nguvu ndogo kuliko pwani. Mambo haya mawili yanakaribia kufutana. Kwa hiyo pima Tanga asubuhi tairi likiwa la baridi, weka kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema, kwa nyingi za aina hii ni 25 mbele na 28 nyuma, 32 ukibeba abiria, kisha uliache hivyo. Anayepunguza upepo ili lishike matope ya njia ya Amani, kutoka Sigi kwenda juu, anajitafutia balaa: tairi la tyubu likiwa laini linazunguka peke yake kwenye rimu, linavuta tyubu na kung'oa mdomo wa kujazia. Kinachoshika matope ni kashata za tairi, yale meno yake. Zikiwa chini ya milimita 2, usipande msimu huu.

Kurudi ndiko kunakoua breki. Kutoka Lushoto kuteremka Mombo, usizime injini wala kuweka fri ili kuokoa petroli. Shuka kwa gia ileile uliyopandia, ya pili au ya tatu, injini ikushikilie, na breki uziguse kwa vipindi: shika kwa nguvu ya wastani, achia, ziache zipoe. Ukikanyaga breki ya nyuma mfululizo, dramu inapanuka kwa moto, viatu vya breki vinaanza kuteleza, pedali inashuka chini na harufu ya kuungua inapanda. Ukiisikia, simama pembeni dakika 15 na usimwagie maji. Hali nyingine ni dramu iliyoingia maji kwenye dimbwi: breki haishiki kabisa mara ya kwanza. Iguse kidogo huku unaendelea kutembea mpaka ikauke, kabla hujafika kwenye kona inayoihitaji.

Kwenye ukungu tumia taa fupi. Taa ndefu inapiga matone na kukurudia machoni. Kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe juu ya koti la mvua, si chini yake, jambo dogo ambalo nusu ya wanaopita Soni hawalitimizi. Na ufute lenzi ya taa ya nyuma kila unaposimama, tope la njiani linaifunika yote.

Ukifika nyumbani, tandaza glovu na jaketi la ngozi kivulini penye upepo, mbali na jua kali na jiko, maana ngozi ikikaushwa kwa moto inakakamaa na kupasuka. Toa sponji za helmeti uzianike peke yake. Pikipiki ioshwe siku hiyohiyo: tope la mlimani likichanganyika na chumvi ya upepo wa pwani linakula spoki na vichwa vya betri, ambavyo upake mafuta ya mgando kidogo. Cheni isugue kwa brashi na mafuta ya taa injini ikiwa imezimwa, uzungushe tairi kwa mkono, uangalie kama kifungio cha cheni kimegeuza upande uliofungwa kuelekea mwendo wa cheni, na ulegevu wake uwe milimita 20 hadi 30 ukipima katikati, upande wa chini, mahali inapokaza zaidi. Ipake oili ya gia namba 90 usiku uleule ingali ina joto, iingie kwenye pini. Asubuhi futa iliyozidi kwa tambara kabla ya kuondoka.